Mioyo Miwili ya Sapphire

Hotuba kwa wasomaji na wachoraji wa vibonzo, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wachoraji, wasomaji, na nyie wadogo mliokaa chini kwenye mkeka kwa sababu viti vimekwisha. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie kibonzo kimoja cha zamani nilichokirudia ukubwani. Nadhani alitegemea nitakuja na matoleo ya jarida la vibonzo la Sani tuliyokuwa tukinyang'anyana shuleni. Samahani, mwenyekiti. Nimekuja na binti mfalme wa Kijapani mwenye upanga.

Kibonzo chenyewe kinaitwa Ribon no Kishi. Kwa tafsiri yangu ya harakaharaka ni Shujaa wa Utepe, ingawa huyo "kishi" ni yule mpiganaji wa farasi na deraya wa hadithi za Ulaya. Kilianza kutoka Januari 1953 katika Shojo Club, jarida la wasichana la kampuni ya Kodansha ya Tokyo, kikaisha Januari 1956. Mchoraji ni Osamu Tezuka, ambaye wengi wenu mnamjua kwa yule mtoto roboti, Astro Boy. Alipoanza alikuwa na miaka 24, na masomo ya udaktari wa binadamu alikuwa ameyamaliza Osaka, lakini kalamu ilikwisha mteka. Siku hizo vibonzo vya wasichana vilikuwa zaidi vya kuchekesha, kurasa chache na mtoto mtundu, basi. Tezuka akawaletea hadithi ndefu yenye njama za ikulu, mapanga, mapenzi na mashetani, na kila mwezi anakukatia pale utamu unapokolea. Ndiyo maana ukitajwa mwanzo wa manga, yaani vibonzo vya Kijapani, ya wasichana, ile inayoitwa shojo, jina hili halikosekani. Wapo wanaobisha kuwa si ya kwanza, kwamba wasichana walikuwa na wachoraji wao kabla yake, na wana hoja. Sitawaingiza huko leo.

Mara ya kwanza nilikisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya juzuu mbili iliyotoka 2011. Mwaka huu nimekirudia kwa namna nyingine kabisa. Nilikuwa namtafsiria mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka tisa, usiku umeme umekatika, tochi ya simu nimeiegemeza kwenye kikombe cha chai. Ukitaka kujua kitabu kimezeeka wapi, msomee mtoto kwa sauti. Kuna sentensi zitakukwama kooni kabla hujazitamka.

Hadithi inaanzia mbinguni. Watoto wanaosubiri kuzaliwa wamepanga foleni, na Mungu anawalisha mioyo, wa buluu kwa atakayekuwa mvulana, wa waridi kwa atakayekuwa msichana. Malaika mdogo mtukutu, Tink, anajitia kusaidia. Anampa mtoto mmoja moyo wa buluu kwa kubahatisha tu. Mungu akifika kwa mtoto yule anamwona huyu ni wa kike, anampa wa waridi. Basi mtoto anazaliwa na mioyo miwili. Tink anafukuzwa mbinguni, anaambiwa asirudi mpaka auchukue ule moyo wa kiume.

Mtoto anazaliwa Silverland, binti wa mfalme, akaitwa Sapphire, yaani yakuti ya buluu. Na hapo ndipo penye kasheshe. Sheria ya nchi ile inasema kiti hakikaliwi na mwanamke. Akijulikana ni msichana, ufalme unakwenda kwa mtoto wa mtawala mdogo mwenye roho mbaya anayeitwa Duralumin. Kwa hiyo Sapphire analelewa kama mvulana. Mchana ni mwana wa mfalme mwenye upanga kiunoni. Kwa faragha anavaa gauni. Akitaka kucheza dansi na Franz, mwana wa mfalme wa nchi jirani, anavaa nywele za bandia za rangi ya manjano hafifu, naye Franz anampenda binti huyo asiyemjua huku akimchukia Sapphire anayemjua.

Duralumin, kama hamjui, ni aina ya aluminiamu ngumu ya kutengenezea ndege. Mtumishi wake anaitwa Nylon. Mwanawe, huyo anayeandaliwa ufalme, anaitwa Plastic. Nilipofika hapo mtoto alicheka mpaka akalala chali. "Plastiki, shangazi? Kama ndoo?" Kama ndoo, mwanangu. Lakini mkumbuke ilikuwa 1953. Nailoni na plastiki ndiyo kwanza zinaingia majumbani mwa Wajapani, vitu vya kisasa, rahisi, vinavyong'aa. Upande mmoja kaweka jiwe la thamani, upande wa pili vitu vya kiwandani. Utani huo ulikuwa wa watu wazima, umefichwa kwenye kitabu cha watoto, na hata leo bado unachekesha, ingawa kwa sababu nyingine.

Tulicheka, tukaendelea, tukafika penye mioyo. Nikasoma kwamba ule moyo wa buluu ndio unaompa Sapphire ushujaa na mkono wa upanga. Ukimtoka, nguvu zinamwisha, upanga unakuwa mzigo, anabaki kulia na kuogopa. Ukirudi, anaruka tena juu ya meza na kupigana na watu watano. Mtoto akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa yeye si ndiye mwenye bahati? Ana miwili. Mbona wanataka kumpokonya?"

Sikuwa na jibu. Nilisingizia chaji ya simu inaisha, tukalala.

Nimelifikiria swali lile wiki nzima, nikagundua limenikera kwa sababu lina majibu mawili yasiyopatana. La kwanza ni la kipimo cha leo, jepesi. Kitabu kinasema ushujaa ni mali ya wanaume. Mwanamke akionekana nao ujue kauazima, na wenyewe watakuja kuuchukua. Ukisema hivyo mbele ya binti wa miaka tisa, umemtukana. Hakuna namna ya kuizunguka. Na Tezuka hakulisema kwa bahati mbaya mara moja. Ndiyo mashine inayoendesha hadithi nzima. Kila mara Sapphire anapoyumba, mchoraji anatukumbusha ni moyo gani umo kifuani.

Lakini hebu tusiharakishe kumcheka Mjapani wa 1953. Tuangalie kwetu. Kiswahili chetu kina mambo mazuri sana kuhusu moyo. Mtu jasiri tunasema ana moyo. Tunatiana moyo, tunapeana moyo, tunapiga moyo konde, tunamwambia aliyeanguka ajipe moyo. Ajipe mwenyewe! Hakuna foleni, hakuna rangi, hakuna malaika wa kuja kuudai. Nilipokuwa natafsiri, mara nyingi Kiswahili kilikisahihisha kitabu bila mimi kutaka. Ningesema tu "Sapphire akapiga moyo konde", na mtoto hakuuliza ni moyo wa rangi gani.

Halafu lugha hiyohiyo inageuka. Tunaposema fulani amepambana kiume, tunamaanisha nini? Nimemsikia kwa masikio yangu mtangazaji mmoja wa redio akiisifia timu ya wanawake ya mpira wa miguu kwamba leo mabinti wamepambana kiume. Aliisema kwa mapenzi kabisa, sauti imempanda. Wale mabinti wamekimbia dakika tisini juani, na sifa yao ikapelekwa kwa watu ambao hawakuwepo uwanjani. Huo ndio moyo wa buluu, ndugu zangu. Kariakoo ukinunua nguo za kichanga, unaulizwa wa kike au wa kiume kabla hujaulizwa saizi. Na mimi mwenyewe, niliyekuwa nacheza chandimu na kaka zangu mpaka magharibi, niliitwa jikedume mtaa mzima. Neno lenyewe tu! Limeunganisha mioyo yote miwili ya Sapphire, na halikuwahi kutamkwa kama pongezi.

Jibu la pili ndilo nililoligundua baadaye, nikiangalia michoro peke yangu bila kusoma maneno. Jaribuni mkipata nafasi, nyie wachoraji hasa. Funikeni maneno, tazameni mikono. Msichana huyu mwenye nywele fupi nyeusi na macho makubwa anapigana, anapanda farasi, anavaa barakoa usiku na kuwa yule Shujaa wa Utepe anayewatetea wanyonge. Ukiangalia picha tu, bila maelezo ya mbinguni, unachokiona ni msichana mwenye upanga. Moyo uko ndani ya mwili, hauonekani, upanga unaonekana. Msichana wa Osaka au Sendai aliyelifungua jarida mwaka ule alikula kwa macho kwanza. Kosa la kitabu hiki liko kwenye maelezo. Tendo lenyewe halina kosa, na wasomaji wengi, naamini, walichukua tendo wakaacha maelezo, kama anayekula embe na kutupa kokwa.

Sasa maelezo yale yalitoka wapi? Nitakaa hapa kidogo, maana panapendeza.

Tezuka alizaliwa 1928 na kukulia Takarazuka, mji mdogo karibu na Osaka. Mji huo una kikundi maarufu cha maigizo ya muziki, kilichoanzishwa na Ichizo Kobayashi, mwenye kampuni ya reli. Njia ya treni ilikuwa inaishia pale, naye alitaka abiria wawe na sababu ya kupanda mpaka mwisho. Onyesho la kwanza lilikuwa 1914. Waigizaji wote ni wanawake. Wote. Wapo wanaobobea kuigiza wanaume, wanaitwa otokoyaku: wanakata nywele, wanashusha sauti, wanajifunza kukaa na kuwasha sigara kama bwana mwenye hadhi. Na wanaowapenda mno, wanaowasubiri mlangoni na barua mkononi, ni wanawake. Mama yake Tezuka alikuwa mpenzi wa maigizo hayo na alimpeleka mwanawe mara kwa mara. Majirani zao walikuwa waigizaji wa pale. Tezuka mwenyewe alisema wazi kwamba Ribon no Kishi imetokana na hamu yake ya Takarazuka.

Ukilijua hilo, Sapphire anabadilika machoni pako. Ni otokoyaku aliyechorwa. Macho makubwa yanayometa ni macho ya jukwaani, yaliyopakwa wanja ili aliyekaa kiti cha nyuma ayaone. Na mwisho wa hadithi, ambapo Sapphire anaweka upanga, anavaa gauni jeupe na kuolewa na Franz, ule mwisho unaotukera sana leo, nao umetoka kulekule. Takarazuka ina kanuni mpaka hivi leo kwamba muigizaji akiolewa, anaondoka. Jukwaa ni la wasioolewa. Unaweza kuwa mwanaume bora kuliko wanaume wote wa Japani, maelfu wakakulilia, ila siku ya harusi unavua suti na kurudi nyumbani. Tezuka aliona waigizaji wakiondoka hivyo tangu utotoni. Sidhani hata aliwaza kwamba Sapphire angeweza kuishia pengine.

Hapo mtu atanyosha mkono aniambie, dada, nyakati zile zilikuwa hivyo, usimpime mtu wa jana kwa rula ya leo. Nakubali nusu. Maana "nyakati zile" ni maneno ya uvivu, kana kwamba kila aliyeishi wakati ule alifikiri kitu kimoja. Wanawake wa Japani walipiga kura ya kwanza ya kitaifa tarehe 10 Aprili 1946, na siku hiyo wanawake 39 walichaguliwa kuingia bungeni. Katiba mpya ilianza kutumika 3 Mei 1947. Kifungu cha 14 kinakataza ubaguzi wa jinsia, cha 24 kinasema ndoa ni ya hiari na haki sawa za mume na mke. Msichana wa miaka kumi aliyesoma toleo la kwanza la Sapphire alikuwa na mama aliyekwisha piga kura. Kwa hiyo nyakati zile zilikuwa zinabishana zenyewe kwa zenyewe, mchana kweupe. Kipimo ninachokiita cha leo kilikuwepo jana. Kilikuwa kinagonga mlango.

Na kiligonga mpaka ndani ya kitabu. Hapa namleta kipenzi changu, Hecate. Katika toleo la pili kuna mchawi aitwaye Madame Hell, ana binti, huyo Hecate. Binti hajatulia, anapenda kuruka na kukimbia, hana habari na urembo. Mama anataka kumpata Franz awe mkwe, kwa hiyo anaitaka roho ya kike ya Sapphire, ule moyo wa waridi, amlishe mwanawe ili awe mpole, mtamu, wa kuolewa. Mnaona? Wote wanagombania mioyo miwili ya Sapphire, malaika anadai wa buluu, mchawi anadai wa waridi. Hakuna anayemuuliza mwenyewe. Na Hecate, mtoto wa mchawi, ambaye kwa kanuni za hadithi alipaswa kuwa mbaya, ndiye pekee anayesema hautaki. Haoni amepungukiwa kitu. Alivyo ndivyo alivyo, na mama atafute mwingine wa kumfanyia majaribio.

Nilimwambia mtoto, huyu ndiye angeitwa jikedume mtaani kwetu. Akasema huyu ndiye mzuri kuliko wote. Mimi nilishakuwa upande wake, ila nilifurahi kusikia kura ya pili.

Kwa nini Tezuka, aliyejenga mashine nzima ya mioyo ya rangi, akamchora msichana anayeikataa mashine hiyo, na akamchora kwa upendo? Nadhani kwa sababu mchoraji mzuri humponyoka mwalimu aliyemo ndani yake. Akiwa mwalimu anaeleza mioyo. Akiwa mchoraji anampenda yeyote anayekimbia vizuri kwenye karatasi. Vilevile kuna Friebe, mwanamke hodari wa upanga anayempenda Sapphire akidhani ni mwanaume na kutaka wafunge ndoa. Hakuna maelezo yoyote ya mbinguni kuhusu moyo wa Friebe. Anajua upanga kwa kuwa anajua upanga. Kitabu kimesahau kanuni yake yenyewe, na hakuna msomaji aliyelalamika.

Nimetaja toleo la pili. Tezuka alikichora kitabu hiki upya kuanzia ukurasa wa kwanza katika jarida la Nakayoshi, kati ya 1963 na 1966. Mistari imekuwa laini, ulimwengu umepanuka, na hilo ndilo toleo ambalo wengi wa nje ya Japani wamelisoma. Kwa hiyo wa kwanza kukirudia kitabu hiki kwa macho mapya alikuwa mwenyewe, miaka kumi baadaye. Alibadilisha mengi. Mioyo hakuigusa.

Katikati ya matoleo hayo mawili kuna mwendelezo ambao haujulikani sana, kuhusu pacha. Ulitoka kuanzia 1958. Sapphire sasa ni malkia, kaolewa na Franz, wamepata pacha, mvulana Daisy na msichana Violetta. Mvulana anaibwa. Ili nchi isijue kwamba mrithi kapotea, Violetta anavalishwa kama kaka yake siku moja, siku ya pili anakuwa yeye mwenyewe. Na aliyekubali hivyo ni nani? Mama mtu. Aliyelia mnarani alipofungwa, aliyefichwa utoto mzima, anampitisha mwanawe njia ileile. Sijui kama Tezuka alikusudia ukali huo au alihitaji tu sababu ya kurudia jambo lililopendwa. Vyovyote, nikilisoma leo, naona ndilo jambo la kweli kuliko yote katika hadithi nzima ya Silverland. Nani kati yetu hajawahi kumwambia binti yake neno lilelile alilolichukia alipoambiwa na mama yake?

Sasa sheria. Sisi tunaosoma leo tunaiona ile sheria ya Silverland kama ya kizamani, ya ngano. Wajapani hawana raha hiyo. Sheria ya familia ya kifalme ya 1947 inasema kiti kinarithiwa na wanaume wa ukoo wa kiume tu. Si jambo la tangu na tangu, maana historia yao inahesabu wanawake wanane waliowahi kukaa kitini, wa mwisho akiwa Go-Sakuramachi, kuanzia 1762 hadi 1771. Kufungiwa wanawake kwa sheria iliyoandikwa kulikuja 1889. Mfalme wa sasa, Naruhito, ana mtoto mmoja tu, Aiko, aliyezaliwa Desemba 2001, na Aiko hawezi kurithi. Mwanamke anaweza kuwa waziri mkuu, kama ilivyotokea kwa mara ya kwanza Oktoba 2025. Kiti cha ufalme hawezi kukikalia. Kwa hiyo watu wakiniambia kibonzo hiki kimepitwa na wakati, nauliza wakati wa nani. Sehemu ya mioyo imepitwa. Sehemu ya sheria inasubiri bunge.

Naomba dakika mbili kwa jambo linalotuhusu sisi tuliomo humu. Ukimpima Tezuka kwa kipimo cha leo, huwezi kuishia kwa wasichana. Huyu ndiye aliyechora simba mweupe wa msituni, hadithi ya Afrika iliyochorwa na mtu ambaye Afrika ya wakati ule aliijua kupitia filamu na vibonzo vya Wamarekani. Watu weusi katika michoro yake ya miaka ile ni midomo minene na sketi za majani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kifo chake cha 1989, malalamiko yaliibuka Japani kwenyewe. Uamuzi uliofikiwa ni kuiacha michoro ilivyo na kuweka tangazo kitabuni, linalosema kwamba picha za Waafrika na watu wengine zina mitazamo isiyo ya haki, na kwamba mwandishi amekufa, hayupo wa kuirekebisha kwa niaba yake.

Nimebishana na rafiki zangu juu ya tangazo hilo. Mmoja anasema ni unafiki, unauza tusi na kuomba radhi kwenye jalada hilohilo. Mimi nimekuja kuliona ni sawa. Ningependa mwanangu aone mchoro ulivyokuwa, na aone kwamba kuna mtu alikasirika. Ukifuta, unafuta vyote viwili, tusi na hasira. Lakini hayo ni maoni yangu, na najua pale nyuma kuna mtu ananitikisia kichwa. Tutaonana kwenye chai.

Wengi mtaniuliza kama kuna aliyeyarekebisha haya kwa kalamu. Wapo, na wengi wao walikuwa wanawake. Nitamtaja mmoja tu, Riyoko Ikeda, aliyeanza kuchora Waridi la Versailles mwaka 1972 akiwa na miaka 24, umri uleule wa Tezuka alipoanza Sapphire. Shujaa wake Oscar ni binti aliyelelewa na baba jenerali kama mtoto wa kiume, kamanda wa walinzi wa malkia wa Ufaransa. Mnaisikia harufu ya Sapphire. Ila Ikeda ametoa kitu kimoja tu, na kwa kukitoa kila kitu kimebadilika: hakuna moyo wa buluu. Watu wanaomzunguka Oscar wanajua ni mwanamke, yeye anajua, na bado wanaongozwa naye. Anafia mitaani Paris siku gereza la Bastille lilipovamiwa, 14 Julai 1789, akiwa upande wa wananchi. Mwaka 1974 Takarazuka wakaiweka hadithi hiyo jukwaani na ikapendwa kupita kiasi. Mzunguko ukakamilika: mwanamke wa jukwaani aliyemzaa Sapphire, Sapphire akamfungulia njia Oscar, Oscar akarudi jukwaani kuchezwa na mwanamke.

Juzi mtoto alikuja na daftari lake la hisabati, kachora nyuma. Msichana mwenye upanga, nywele fupi, kando kuna msichana wa pili anayeruka ukuta. Nikamuuliza huyu ni nani, akasema Hecate, na huyu ni Sapphire, wanakwenda kumtafuta yule pacha aliyeibwa. Nikatafuta mioyo, sikuiona. Nikamuuliza umesahau kuchora mioyo? Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuchora ini.

Juzuu zote mbili ziko pale mezani, karibu na birika. Ya kwanza ina doa la chai ukurasa wa foleni ya mbinguni. Ni langu, msimsingizie mtu. Ya pili jalada limeanza kuachia, ishikeni kwa mikono miwili. Na anayetaka kuazima aniandikie jina kabla hajatoka mlangoni, maana nimeshaibiwa vitabu na watu ninaowaheshimu. Asanteni sana.